Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuchunguza Uhusiano wa Imani na Sanaa, Unguja na Pemba

Kila unapokaribia wakati wa kukabidhi kazi za utafiti naletewa rasimu nizisome. Nyingi zinahusu dini na sanaa za kwetu: maulidi, kaswida, milango ya nakshi, taarab. Na nyingi zinaanguka pahala pamoja. Mwandishi anafungua kwa swali la halali na haramu, anajaza kurasa thelathini za hoja, na mpaka ukurasa wa mwisho hujui watu aliowaandika walikaa kitako au walisimama, walikuwa wangapi, nani alianza na nani aliitikia.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuepuka shimo hilo, awe mwanafunzi wa chuo kikuu, mwalimu wa skuli, au mtu anayetaka tu kuandika mambo ya mtaani kwao kabla wazee hawajaondoka nayo. Jambo moja naomba ulishike tangu sasa: tazama kitu chenyewe kwanza, maana yake itafuata.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Daftari mbili. Moja ya kuandika papo hapo, nyingine ya kunakili usiku ukiwa umetulia.
- Kalamu tatu. Penseli pia, kwa ajili ya kuchora.
- Simu yenye nafasi ya kutosha ya kurekodi, na pawabanki. Maulidi ya usiku ni ya saa nyingi, na simu huzima katikati.
- Mita ya fundi, kama unachunguza mlango, mihirabu au mimbari.
- Tochi ndogo. Nakshi huonekana vizuri ukiimulika kwa ubavu. Ukiimulika usoni vivuli vinapotea na herufi zinalala.
- Mtu anayesoma Kiarabu vizuri, ikiwa wewe husomi. Usitegemee programu ya simu kwa maandishi ya kuchonga.
- Nguo za mahali unapokwenda: kanzu na kofia kwa mwanamme, buibui au kanga na mtandio kwa mwanamke.
- Karatasi ya utambulisho kutoka chuoni kwako, nakala kadhaa.
- Kalenda yenye miezi ya Kiislamu kwa hesabu ya kwetu. Bila ya hiyo utapanga kwenda kusikiliza taarab mwezi wa Ramadhani, ukute vikundi vimefunga vyombo.

Jipe muda wa miezi miwili kwa uchache. Wiki mbili hazitoshi, maana wiki ya kwanza yote ni ya kusalimia.

## Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja unachoweza kukifikia kwa miguu

"Uislamu na sanaa Zanzibar" si mada, ni bahari. Chagua kitu chenye mipaka: mlango mmoja wa Mji Mkongwe, maulidi ya usiku mmoja katika kijiji kimoja cha Wete, kikundi kimoja cha kaswida cha chuo kimoja cha Kurani, vijana wanaopiga ngoma kuamsha watu daku katika mtaa mmoja.

Sababu: kitu kimoja unaweza kukirudia. Imani haikai hewani. Inakaa katika namna fundi alivyokata mti na namna msomaji alivyovuta pumzi, na hayo huyaoni kwa kupita mara moja.

Kama huna nauli wala mlango wa kuingilia kwa watu, anza na sanduku la kanga la bibi yako. Toa kanga ishirini, zitandike, na uandike ya kila moja: pindo lake, mji wake (pale katikati) na jina lake (maneno yaliyoandikwa). Hesabu ngapi zinamtaja Mola, ngapi zinazungumzia riziki, subira au hasidi. Kisha muulize bibi aliivaa ipi, wapi, na kwa nini. Hiyo ni kazi kamili. Nimeona kazi ya namna hiyo ikazishinda nyingine za watu waliozunguka kisiwa kizima.

Tahadhari: usianze na ngoma za kupunga pepo, kama kibuki cha mjini au rubamba ya Pemba. Si kwamba hazifai kuchunguzwa. Zinafaa sana, kwani humo wimbo, manukato, mavazi na imani vimesukwa kamba moja. Lakini ni mambo ya watu wenye maradhi na siri zao, na fundi wa ngoma hizo hatakufungulia kilinge, pahala pake pa kupungia, kwa sababu una karatasi ya chuo. Hiyo iwe kazi yako ya tatu au ya nne.

Utajua umefaulu ukiweza kukitaja kitu chako kwa sentensi moja yenye mahali, na mtu wa mtaa huo akajua unazungumzia nini.

## Hatua ya 2: Andika swali lisilo na hukumu ndani yake

"Je, dufu linaruhusiwa?" ni swali la mufti. "Nani anapiga dufu, wapi, wakati gani, na wapi analiweka chini?" ni swali la mtafiti. La pili litakupa majibu ambayo la kwanza halina, kwa sababu utakuta mtu yule yule anayelipiga kwenye harusi halipigi msikitini, na anajua kwa nini.

Andika swali lako kwenye kipande cha karatasi na ulibandike kwenye jalada la daftari. Likikufanya uchague upande kabla hujatoka nyumbani, liandike upya.

## Hatua ya 3: Omba ruhusa kwa mpangilio wake

Anza kwa sheha wa shehia, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa. Muoneshe karatasi yako, mueleze unachotafuta, na umuulize nani wa kumuona baada yake. Kwa msikiti, imamu na watu wa kamati. Kwa maulidi, mwenye shughuli na maalim anayeongoza. Kwa mlango wa nyumba, mwenye nyumba au wakaazi, hata kama mlango unaelekea njiani na watalii wanaupiga picha kila siku. Kwa magofu na majengo ya kale, kama msikiti wa magofu wa Ras Mkumbuu kule Pemba, nenda kwanza kwenye ofisi za serikali zinazosimamia mambo ya kale. Na kama wewe si mkaazi wa Zanzibar, uliza mapema kuhusu kibali cha utafiti, usisubiri kuulizwa.

Sababu ya mpangilio huu: ukienda kwa maalim kabla ya sheha, maalim atakukaribisha lakini atabaki na wasiwasi. Ukienda na salamu za sheha, mazungumzo yanaanza pahala pengine kabisa.

Tahadhari: ruhusa ya kuhudhuria si ruhusa ya kurekodi, na ruhusa ya kurekodi si ruhusa ya kurusha mtandaoni. Omba kila moja kwa jina lake. Upande wa wanawake usipeleke simu mpaka uambiwe. Na kama wewe ni mwanamme, jua kwamba nusu ya shughuli huioni. Tafuta mwenzako mwanamke muifanye kazi hiyo pamoja, jina lake liandikwe na lako.

## Hatua ya 4: Tazama, sikiliza, andika. Maana iweke pembeni

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo nitakayoikalia.

Nenda mara tatu. Mara ya kwanza usiandike chochote ukiwa pale; kaa kama mgeni wa kawaida, ule haluwa, unywe kahawa, urudi. Andika nyumbani. Mara ya pili chukua daftari. Mara ya tatu ndipo urekodi, ukiwa umeshajua wapi pa kuelekeza simu.

Ukurasa wa daftari ugawe kwa mstari wa wima. Kushoto andika unachokiona, kukisikia na kukinusa. Kulia andika unachodhani. Usichanganye. Ukiandika "watu waliguswa na mapenzi ya Mtume" hilo ni la kulia. La kushoto ni: "mzee wa safu ya mbele alifumba macho, sauti yake ilikatika kwenye neno la mwisho, aliye pembeni yake akaliendeleza."

Nikupe mfano wa maulidi ya Barzanji, yanayosomwa kutoka kitabu cha habari za kuzaliwa kwa Mtume, kwa kuwa ndiyo yanayoandikwa zaidi na ndiyo yanayoandikwa vibaya zaidi. Usiku wa Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ukumbi umetandikwa majamvi na mikeka, wasomaji wamekaa kitako mbele, kitabu kinapokezanwa. Kila fungu la matini lina msomaji wake. Fungu likimalizika, wote wanaitikia dua ile ile, kisha anapokea mwingine. Katikati zinaingia kaswida. Ukifika pahala pa kuzaliwa kwa Mtume, watu wote wanasimama: ndiyo kiyamu. Hapo chetezo cha udi kinapitishwa, na mtu mwenye mrashi anawanyunyizia watu marashi viganjani.

Wanafunzi wengi wanaandika: "Pia kulikuwa na manukato." Mstari mmoja, wanapita. Sasa rudi kwenye ile dua inayoitikiwa baina ya mafungu. Maana yake ni kumuomba Mwenyezi Mungu alitie manukato kaburi tukufu la Mtume, kwa harufu njema ya sala na salamu. Watu wanaitamka dua hiyo tena na tena, usiku kucha, na wakati huo huo ukumbi wenyewe unafukizwa udi na kumwagiwa marashi. Kinachosemwa na kinachonuswa ni kitu kimoja. Mtu aliyekuja na swali la "muziki kwenye dini" hataliona hilo, kwa sababu pua yake hakuipa kazi.

Hilo nililoandika hapo juu ni la upande wa kulia wa daftari. Ni dhana. Inabidi niipeleke kwa maalim nimuulize, na anaweza kuniambia kwamba marashi ni ukarimu tu kwa wageni. Jibu lake litaandikwa pamoja na dhana yangu.

Mambo ya kuyahesabu bila kukosa: saa ya kuanza na kumaliza, nani yuko mbele na nani nyuma, nani anaanza, nani anaitikia, lugha gani kwa kipande gani, chombo gani kinapigwa na wakati gani kinanyamaza, miili inafanya nini. Kwenye maulidi ya homu, kwa mfano, usipoeleza ile safu ya watu waliopiga magoti, wanavyoinama na kuinuka kwa pamoja huku matari yakipigwa, hujaeleza kitu.

Utajua umefaulu mtu ambaye hakuwepo akiweza kuchora ukumbi kutokana na maelezo yako. Mpe ndugu yako asome na achore. Akikosea, kasoro ni ya daftari lako.

## Hatua ya 5: Kama kitu chako ni mti au jiwe

Wanaochunguza maulidi waruke hatua hii, waende ya sita.

Anza kwa kuuchora mlango mzima na kutaja sehemu zake: kizingiti cha juu na cha chini, miimo ya pande mbili, mabawa mawili, na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika ufa baina ya mabawa. Pima kila sehemu. Kisha andika nakshi gani iko wapi. Mawimbi na samaki chini ya mwimo, mnyororo unaozunguka, maua juu. Mahali ni muhimu kama umbo. Kwenye milango yenye maandishi, aya ya Kurani huwekwa juu, kizingitini, pahala ambapo hapana mguu wala mkono unaopagusa kwa kawaida. Huo peke yake ni ushahidi wa namna fundi na mwenye nyumba walivyolichukulia neno la Mungu, na huhitaji kitabu kuuona.

Kusoma mwaka. Baadhi ya milango na mawe ya misikiti yana mwaka wa Hijria. Tarakimu za Kiarabu zinawapoteza wengi: tano huandikwa kama duara, na sifuri ni nukta. Mwanafunzi mmoja alisoma 1305 akaandika 130, akajenga sura nzima juu ya kosa hilo.

Kugeuza mwaka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Hiyo 1305 inakupa kiasi cha 1888. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, basi huangukia kwenye miaka miwili ya Miladia. Andika 1887/88 kama hukupewa mwezi.

Jaribu hesabu hiyo Kizimkazi Dimbani. Msikiti ule una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, kwenye ukuta wa kibla, yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe, ya mwaka 500 wa Hijria. 500 mara 0.97 ni 485. Ongeza 622 unapata 1107. Sasa sikia hatari yake: jengo lenyewe lilijengwa upya karne ya 18. Ukiandika kwamba kuta unazoziona zina miaka mia tisa kwa sababu maandishi yana miaka mia tisa, umekosea. Maandishi yana umri wake, ukuta una wake. Na ukumbuke kwamba watu wanasali mle mpaka leo. Nenda baina ya vipindi vya sala, tawadha, ingia kwa adabu.

Tahadhari kubwa kuhusu maana za nakshi. Mitaani utaambiwa samaki ni uzazi, mnyororo ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa, misumari ya shaba ni ya kuzuia tembo. Usiyaandike kama uhakika. Ni maelezo wanayopewa wageni, na yana thamani yake kama maelezo, lakini ushahidi wa kwamba fundi aliyeuchonga mlango ule alikusudia hivyo ni nadra kupatikana. Andika: "Watembezaji wageni husema…" kisha andika fundi wa nakshi wa leo anasema nini. Mara nyingi fundi atakwambia kwamba alifunzwa ua lile kwa mkono wa mwalimu wake na halikuwa na jina. Hilo nalo ni jibu, liandike.

Swali ninalolipenda kwa mafundi ni hili: *"Kipi mteja akikuomba, humchongei?"* Hapo imani inajitokeza bila ya kuitwa. Mmoja atakwambia hachongi sura ya mtu. Mwingine anachonga ndege kwa ajili ya hoteli lakini si kwa nyumba ya Muislamu. Wa tatu hachongi aya kwenye kiti, kwa sababu kiti kinakaliwa. Mipaka hiyo ndiyo uhusiano unaoutafuta.

## Hatua ya 6: Zungumza na watu, na uchukue maneno yao

Nilipoanza kazi hii nilimwendea mzee mmoja, maalim wa siku nyingi, nikamuuliza kwa heshima zote: "Maalim, hizi nyimbo za maulidi mnaziimbaje?" Akanyamaza. Akaweka kikombe chini. "Mwanangu," akasema, "sisi hatuimbi. Tunasoma." Nikaona haya. Lakini jibu lile lilinifunza zaidi ya mwaka mzima wa kusoma vitabu.

Kiswahili chetu kimeshaupanga uhusiano wa imani na sanaa kabla ya mtafiti kufika. Kurani *inasomwa*. Maulidi *yanasomwa*. Taarab *inaimbwa*. Tari *linapigwa*, ngoma *inachezwa*. Masikio ya mgeni yatasikia sauti nzuri pote, tena wajuzi watakwambia kwamba mahadhi ya msomaji na ya muimbaji wa taarab yana undugu; lakini kitenzi kimoja kinaweka kitu upande wa ibada na kingine upande wa starehe. Kaswida ndiyo inayosumbua: wengine wanaisoma, wengine wanaiimba, na ukisikiliza nani anatumia kitenzi gani utajua msimamo wake bila ya kumuuliza. Fungua ukurasa maalum wa vitenzi kwenye daftari lako.

Kwa hiyo usiingie na neno "sanaa". Wasomaji wengi hawatalikubali, na wakilikubali ni kwa kukustahi. Uliza mambo haya:

- Nani alikufunza, na ulianza ukiwa na umri gani?
- Msomaji mzuri mnamjuaje? Na mbaya?
- Kipi kikikosekana, maulidi hayajawa maulidi?
- Kipi kimezidi siku hizi ambacho zamani hakikuwepo?
- Mahali gani hamkubali kualikwa?

La tatu ni kisu kikali. Linatenganisha kiini na pambo kwa kauli ya mwenyewe. Mmoja atasema marashi yakikosekana si neno, kiyamu kikikosekana hapana maulidi. Mwingine atakwambia matari si lazima. Tofauti za majibu ndizo moyo wa kazi yako. Usizipige pasi zikalingana.

Zungumza na watu sita au wanane, vijana na wazee, wanaume na wanawake, na angalau mmoja asiyehudhuria kwa sababu ya imani yake. Nenda baada ya sala ya alasiri, si saa ya kupumzika. Salimia kwanza, uliza hali za watoto, na usitoe simu mezani mpaka mazungumzo yameshika.

Utajua umefaulu mtu wa nne au wa tano anapokurekebisha neno ambalo mtu wa kwanza alilikubali.

## Hatua ya 7: Weka hoja za dini pahala pake

Zipo, na ni lazima uzijue. Kuhusu maulidi, wapo wanaoyaona ni jambo jema la kumtukuza Mtume, na wapo wanaoyapinga kwa hoja kwamba Mtume na masahaba hawakuyafanya. Kuhusu ala, wengi wanalikubali dufu, hasa harusini, na wanahitilafiana juu ya nyuzi na zumari. Kuhusu sura za viumbe, utaona mwenyewe kwamba samaki wapo kwenye mlango wa nyumba lakini hawapo kwenye mihirabu.

Eleza kila upande kwa namna ambayo mwenye upande huo akisoma atasema, "Ndivyo tunavyosema." Kisha rudi kwenye kitu chako na uoneshe hoja hizo zimefanya nini pale: kikundi kimeacha ala gani, kimebakisha nini, kimehama msikitini kwenda uwanjani. Wewe si kadhi. Ukurasa mmoja na nusu unatosha.

## Hatua ya 8: Linganisha na jirani mmoja

Hii si lazima, lakini inaipa kazi uzito, na kwa mtu wa mjini ni rahisi mno. Ndani ya Mji Mkongwe unatembea dakika chache kutoka msikiti wa Malindi wenye mnara wa umbo la koni hadi kanisa la Minara Miwili, ukapita hekalu la Wahindu la Hurumzi, ukatokea kanisa la Anglikana la Mkunazini. Nyumba nne za ibada, na kila moja imeamua namna yake ya kutumia sauti, mwanga na sura.

Chukua jambo moja tu ulinganishe. Mathalani: macho ya anayesali yanaelekezwa wapi? Katika kanisa Katoliki yatakuta sanamu na picha za watakatifu. Msikitini yatakuta mihirabu, na pengine maandishi, bila ya sura ya kiumbe. Kanisa la Mkunazini lina jambo lake: limejengwa kwenye uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, basi pale ardhi yenyewe inahubiri kabla ya padri kusema. Omba ruhusa kwa adabu ile ile uliyoitumia msikitini. Usilinganishe ili kuonesha nani bora. Utagombanisha watu na hutapata kitu.

## Hatua ya 9: Andika

Anza na kile kitu. Sentensi ya kwanza iwe ndani ya ukumbi, au mbele ya mlango. Tazama aya hizi mbili.

*"Maulidi ni sehemu muhimu ya utamaduni wa Wazanzibari na yana uhusiano mkubwa na dini ya Kiislamu."*

*"Saa nne na robo za usiku msomaji wa tatu alikikabidhi kitabu kwa kijana wa upande wake wa kulia. Kijana hakukifungua. Alikiweka juu ya mto, akasoma kwa moyo, na wazee wawili wakaanza kumfuata midomo."*

Ya kwanza ingeandikwa na mtu ambaye hajafika Zanzibar. Ya pili inampa msomaji swali: kwa nini hakukifungua? Jibu lake ndilo kazi yako: heshima ya kuhifadhi, kitabu kuwekwa juu na si chini, wazee kuthibitisha kwa midomo yao kwamba kijana hakukosea.

Mpangilio unaofanya kazi: kitu chenyewe, maneno ya wenyewe, hoja za dini zinazokigusa, kisha dhana yako, ukiitaja wazi kuwa ni yako. Maneno ya maalim yaandike kama alivyosema, kwa lafudhi yake. Kama alisema Kipemba, usimgeuze akazungumza Kiswahili cha redio.

Tahadhari: majina ya watu usiyaandike bila ya idhini yao, khasa waliokueleza wanachokipinga mtaani kwao. Nao bado wanaishi mtaa huo.

## Hatua ya 10: Irudishe kabla ya kuikabidhi

Chapisha nakala kwa herufi kubwa, kwa ajili ya macho ya wazee. Ipeleke kwa maalim au fundi wiki mbili kabla ya siku ya kukabidhi, si baada yake. Asiyesoma msomee. Chukua kalamu ya rangi nyingine na uandike kila anachokurekebisha pembeni mwa ukurasa, hata anapobishana na dhana yako uliyoipenda kuliko zote. Marekebisho hayo yaingize ndani ya kazi, ukieleza kwamba ni yake.

Ukimaliza, rekodi zote zitie kwenye kadi ndogo ya kuhifadhia, uandike tarehe na mahali, na umkabidhi mwenyewe mkononi. Wajukuu zake wataitafuta sauti hiyo kabla ya maktaba yoyote.